Gasketi Haiungui Bure

Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Mei, joto la Dubai linapoanza kupanda, gereji ninayofanyia kazi hapa Al Quoz hupokea magari mengi yenye ugonjwa mmoja. Mengine huja juu ya bredauni, mengine hujikokota yenyewe yakitoa moshi mweupe. Mwenye gari huwa ameshaambiwa na rafiki kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, na swali lake la kwanza ni, "Gasketi ni bei gani?"

Gasketi yenyewe si ghali. Ghali ni kufungua injini, na ghali zaidi ni kuifungua mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeuliza kwa nini gasketi iliungua. Nilijifunza ufundi Gerezani, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa. Katika miaka hiyo nimeona akiba za vijana wetu wengi zikiishia ndani ya injini za magari ya spoti waliyoyanunua kwa bei ya kutupa. Nimeona niwaandikie wasomaji wa jarida hili, hasa wanafunzi na vijana mnaoyatamani magari hayo, na pia wazazi mlio nyumbani ambao husikia tu kwamba "gari limeharibika" na kwamba mwezi huu hakuna kitu kitakachotumwa.

Kazi ya gasketi

Injini ina sehemu kuu mbili. Chini ni bloku, yenye mashimo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake ni silinda hedi, inayobeba valvu na plagi. Katikati ya hizo mbili hulazwa gasketi, bamba lenye unene wa kama milimita moja, lililotobolewa matundu mengi. Kisha hedi hukazwa kwa boliti.

Bamba hilo jembamba hutenganisha vitu vitatu ambavyo havipaswi kukutana kabisa: moto, oili na maji. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa nukta ndogo ya sekunde. Milimita chache tu kutoka hapo yanapita maji ya kupoza injini, ambayo tunataka yabaki kwenye nyuzi 90 hivi. Gasketi inakaa katikati ya hayo mawili maelfu ya mara kwa dakika.

Ikipasuka kati ya silinda na njia ya maji, gesi ya moto huingia kwenye maji, mapovu hutokea kwenye tangi la akiba, na maji husukumwa nje. Maji nayo huingia kwenye silinda na kutoka kwa ekzosi kama moshi mweupe wenye harufu tamutamu. Ikipasuka kati ya maji na oili, oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Ikipasuka kati ya silinda mbili, injini hutetemeka na nguvu hupotea. Yote hayo mtaani huitwa jina moja, "gasketi imeungua", ingawa si ugonjwa mmoja.

Kwa nini magari ya spoti

Gari lolote laweza kuunguza gasketi. Lakini gari la spoti limetengenezwa litoe nguvu nyingi kutoka kwenye injini ndogo, na nguvu nyingi maana yake ni joto jingi na presha kubwa. Likiwa na turbo, hewa hushindiliwa kwenye silinda kwa nguvu, na kila mlipuko hujaribu kuinyanyua hedi kutoka juu ya bloku. Boliti ndizo zinazoishikilia. Presha ikizidi kile boliti zinachoweza kushika, hedi huinuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na moto hupata njia.

Kuna pia suala la metali. Hedi nyingi ni za alumini, na baadhi ya bloku ni za chuma cha kuyeyusha. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kwa hiyo kila unapowasha na kuzima gari, hedi na bloku husuguana, na gasketi ndiyo inayosagwa katikati.

Hata watengenezaji wakubwa wamepatwa na balaa hili. Injini ya K-Series ya Rover, Uingereza, iliwekwa kwenye MGF iliyotoka mwaka 1995 na kwenye Lotus Elise za mwanzo. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu, watu wakaipenda, lakini ikapata sifa mbaya ya kuunguza gasketi. Katika magari hayo mawili injini iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo maji husafiri kwenye mabomba marefu. Themostati iliwekwa upande ambao maji huingia kwenye injini. Ilipofunguka, maji baridi yaliyokuwa yamekaa kwenye mabomba yaliingia ghafla kwenye injini iliyokwisha pata moto. Zaidi ya hayo, maji yaliyomo ndani ya injini yenyewe yalikuwa machache, na upungufu mdogo tu ulitosha kuleta madhara. Baadaye zikaja gasketi za tabaka kadhaa za chuma, pini za chuma badala ya plastiki, na themostati ya aina nyingine.

Huko Japani, Toyota Supra ya kizazi cha tatu yenye turbo, injini 7M-GTE, nayo ilijulikana kwa ugonjwa huohuo. Sababu inayotajwa zaidi na mafundi wake ni tofauti kabisa: boliti za hedi zilikazwa kwa nguvu ndogo kuliko injini ilivyohitaji. Ukibadilisha gasketi ya injini hiyo na kukaza kwa kipimo kilekile cha zamani, umeurudisha ugonjwa ndani.

Nimetaja injini hizo mbili kwa sababu moja. Dalili ni ileile, lakini moja iliumizwa na safari ya maji na nyingine na boliti. Fundi anayejibu zote kwa kubadilisha gasketi tu atapata nusu ya jibu.

Hesabu ya joto la Dubai

Sasa tulete gari kama hilo hapa. Rejeta hupoza maji kwa kuyapitishia hewa ya nje. Kinachofanya kazi ni tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa nyuzi 20, tofauti ni 70. Mchana wa Agosti hewa ikifika nyuzi 48, tofauti ni 42. Rejeta ni ileile, injini ni ileile, lakini uwezo wa kupoza umebaki kama asilimia 60. Na hapo hatujawasha AC, ambayo rejeta yake ndogo hukaa mbele ya rejeta ya injini na kuipulizia hewa iliyokwisha pashwa moto.

Wakati wa kiangazi, sheria hapa huwazuia waajiri kuwafanyisha watu kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Injini haina mapumziko hayo. Barabara ya Al Ittihad kati ya Dubai na Sharjah jioni ni msururu wa magari yaliyosimama. Gari likisimama hakuna upepo wa mwendo, na kila kitu kinategemea feni. Feni ikiwa imekufa, hutajua ukiwa kasi kwenye Barabara ya Sheikh Zayed. Utajua siku ya foleni. Mtihani mwingine ni milima: vijana hupenda kupandisha Jebel Jais au Jebel Hafeet, injini ikinguruma kwa gia ndogo kwa kilomita nyingi.

Kuna mambo mawili madogo ambayo watu wetu huyadharau. La kwanza ni kulanti. Wengi husema, "Hapa hakuna barafu, kulanti ya nini?" wakajaza maji ya bomba. Kulanti hupandisha kiwango cha kuchemka na hulinda alumini isiliwe na kutu. Jambo la pili ni kifuniko cha rejeta. Maji yaliyofungiwa kwa presha ya baa moja juu ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Kifuniko kikilegea, ulinzi huo umekwenda.

Mafuta nayo yamo. Vituo vya hapa huuza petroli ya okteni 91, 95 na 98. Gari la turbo linalotaka 98 likinyweshwa 91 ili kuokoa pesa, petroli inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga pistoni na gasketi kama nyundo. Kompyuta ya gari hujitahidi kuuzuia, isipokuwa kama mtu ameshaichezea ili turbo isukume zaidi.

Kijana wa Tanga

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa Tanga anayefanya kazi ya mapokezi hotelini. Alinunua gari la spoti la Kijapani lenye turbo kwa dirhamu 19,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa akiondoka nchini. Pesa hizo alikuwa akiziweka kwa miaka mitatu, na nyingi zilikuwa za kupiga plasta na kuezeka nyumba ya mama yake. Alijiambia atalifurahia gari mwaka mmoja, kisha aliuze kwa bei ileile.

Wiki ya kwanza ya Julai lilichemsha kwenye foleni ya Al Ittihad. Gereji moja ilimbadilishia gasketi kwa dirhamu 2,800. Agosti likachemsha tena. Ndipo alipofika kwetu.

Tulipoifungua injini tukalaza rula ya chuma juu ya hedi, na mwanga ukapita katikati: hedi ilikuwa imepinda. Mara ya kwanza ilirudishwa hivyohivyo, bila kupelekwa kusawazishwa, na boliti zilezile zilizokwisha vutika zikatumika tena. Tukatazama rejeta. Kwa mbele ilionekana safi, lakini kati yake na ile ya AC kulikuwa na vumbi na mchanga ulioshindiliwa kama udongo. Feni moja kati ya mbili haikuzunguka. Kompyuta ilikuwa imechezewa ili kuongeza presha ya turbo. Na ndani ya njia za maji tukakuta utelezi mzito wa rangi ya kahawia, yale madawa ya kuziba uvujaji yanayouzwa kwenye chupa. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyejua hali ya gari hilo kabla kijana huyu hajalinunua.

Kulitengeneza sawasawa ilikuwa karibu dirhamu 9,000. Hakuwa nazo. Akakaa kwenye kiti cha plastiki pale nje, akaniambia, "Kaka, wewe nizibie tu. Liwake wiki mbili, nitaliuza kwenye magrupu yetu."

Si jambo geni. Chupa ya dawa, injini ioshwe ing'ae, picha zipigwe jioni jua likiwa limeshuka, na tangazo litumwe kwenye grupu la WhatsApp la Waafrika Mashariki. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, kwenye magrupu hayo atakayelinunua ni nani?"

Hakujibu. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba watu wenye uzoefu hawanunui gari bila kulikagua. Atakayenunua ni mgeni aliyefika juzi, aliyekusanya pesa kidogo kama yeye, na atakayemwamini kwa sababu tu wanazungumza lugha moja na labda wametoka mkoa mmoja.

Kwa siku mbili hakupokea simu. Siku ya tatu alikuja akaomba tumwandikie kwenye karatasi kila tulichokikuta. Akalitangaza gari na karatasi ile pamoja na picha ya hedi iliyopinda. Lilikaa wiki tano. Mwisho likachukuliwa kwa dirhamu 6,500 na bwana mmoja aliyekuwa na injini ya mtumba aliyoipata kwenye soko la spea la Sharjah. Kijana alipoteza zaidi ya dirhamu 15,000. Mama yake alimpigia simu mwenyewe akamweleza yote, kabla hajayasikia kwa watu. Aliniambia mama alinyamaza kidogo, kisha akamuuliza kama anakula vizuri.

Nyumba ile imeezekwa mwaka huu, plasta bado. Yeye anapanda metro.

Kabla ya kutoa pesa

Kama umeamua kununua gari la spoti lililotumika, fanya haya, na usione haya kuyafanya mbele ya muuzaji.

Nenda asubuhi na uhakikishe injini ni baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha na kuipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi tu. Kamwe usikifungue ikiwa na moto, maji yanayochemka yatakuunguza uso. Tazama maji yana rangi safi au yana ukungu, utando wa mafuta au uji wa kahawia. Fungua kifuniko cha oili, angalia kama kuna utando wa maziwa.

Washa gari. Shika mpira mkubwa wa rejeta: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja mbili, injini haijapata hata joto, huenda gesi inaingia kwenye maji. Tazama mapovu kwenye tangi la akiba. Kisha liache gari lingurume limesimama, AC ikiwa imewashwa, kwa dakika 20, na uangalie kipimo cha joto. Sikiliza feni zikianza. Muuzaji anayekataa dakika 20 amekwisha kujibu.

Fundi anaweza pia kufanya kipimo rahisi cha maji ya bluu: hushikilia chupa yake juu ya tangi la maji ya rejeta, na kama kuna gesi ya injini ya petroli ndani, bluu hugeuka njano. Vilevile vituo vya ukaguzi vya hapa hutoa ukaguzi kamili wa gari kabla ya kununua. Usiuchanganye na ule wa kusajili gari kila mwaka. Ule huangalia mambo kama breki, taa na matairi, na gari lenye gasketi mbovu linaweza kuupita.

Wanaonunua magari ya usukani wa kulia kule Ducamz, Ras Al Khor, ili kuyapeleka Mombasa au Dar es Salaam, hayo yanawahusu pia. Meli kutoka Jebel Ali haiponyi injini, na nyumbani itapokelewa na ndugu yako.

Ukiwa tayari na gari, na kipimo cha joto kikapanda, zima AC. Kama huwezi kusimama papo hapo, washa hita ya ndani kwa nguvu zote, hata kama nje ni nyuzi 45, maana inasaidia kuchukua joto la injini. Toka barabarani, zima injini, ita bredauni. Dirhamu za bredauni ni chache. Hedi nyingi ninazozikuta zimepinda zilipindishwa na zile kilomita mbili za "nifike tu nyumbani".

Na ukifika gereji, fundi akikuambia atabadilisha gasketi, muulize mambo matatu: hedi itapimwa kama imenyooka? Boliti zitakuwa mpya na zitakazwa kwa spana yenye kipimo? Na ni kitu gani kilichoiunguza? Kama hana jibu la swali la tatu, mwachie ufunguo wa gari lakini usimwachie pesa mpaka alipate.